Kuweka mipaka ya kumbukumbu pepe kwenye Linux kabla kerneli haijakuchagulia wa kuuawa

Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Ilikuwa siku ya mwisho wa mwezi, saa tatu asubuhi, kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo mkoani Mbeya ambacho seva yake naitunza mimi. Mhasibu akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Salio za wanachama hazionekani, kila tukibonyeza inagoma. Kuna mzee hapa katoka Chunya na basi la alfajiri."

Nikaingia kwenye seva. Kila kitu kilikuwa kimerudi chenyewe, na baada ya dakika nne kikaanguka tena. Nikaifungua batli (daftari la matukio) ya kerneli, kiini cha Linux kinachogawa RAM kwa programu:

journalctl -k | grep -i 'out of memory'

Out of memory: Killed process 2214 (postgres) total-vm:2492316kB, anon-rss:214880kB, file-rss:3120kB, shmem-rss:1986540kB

Kerneli ilikuwa imeishiwa RAM, ikatafuta mchakato (programu inayoendeshwa) wa kuua, ikaua PostgreSQL, yaani kanzidata yenye fedha za watu. Usiku huo nilikaa mpaka saa nane nikipanga upya mipaka ya mashine ile, na mwongozo huu ni kazi ya usiku ule, pamoja na masahihisho ya miezi iliyofuata. Mashine yenyewe ni Debian 12 yenye RAM ya GB 8, PostgreSQL 15, mfumo wa mikopo ulioandikwa kwa PHP, na skripti ya Python inayotengeneza ripoti ya mwezi. Kama yako ni tofauti, hesabu zitabadilika ila njia ni ile ile.

Kabla ya chochote, usome vizuri mstari ule wa batli, maana una fumbo. Mchakato uliouawa ulikuwa na kumbukumbu yake binafsi ya MB 210 tu, ndiyo anon-rss. Zile karibu GB 1.9 za shmem-rss ni kumbukumbu ya pamoja ya PostgreSQL, ambayo michakato yake yote inaitumia kwa wakati mmoja. Kumwua mmoja hakuirudishi. Lakini kerneli inapopima nani mnene huhesabu zote mbili, kwa hiyo mtoto yule wa PostgreSQL, yaani mchakato uliozaliwa na mchakato wake mkuu, alionekana ndiye mlafi kuliko wote. Walafi halisi walikuwa vibarua sita wa skripti ya ripoti, yaani michakato sita iliyogawana kazi yake, kila mmoja akiwa na karibu GB 1. Kwa pamoja walikuwa wamekula mashine nzima, ila hakuna hata mmoja aliyempita PostgreSQL kwa uzito, basi wote sita wakapona.

Kuna jambo la pili. Kifurushi cha PostgreSQL cha Debian tayari humkinga mchakato mzazi kwa kumpa alama ya -900, ili asichaguliwe kuuawa. Watoto wake hurudishwa kwenye sifuri. Mtoto mmoja akiuawa ghafla, mzazi hana namna ya kujua kama kumbukumbu ya pamoja imebaki salama, hivyo hukata miunganisho yote na kuanza kujirejesha. Ndiyo maana dirisha zima lilisimama kwa kifo cha mchakato mmoja. Kinga ile peke yake haikutosha.

Ahadi si fedha taslimu

Kila mchakato kwenye Linux unaona nafasi yake binafsi ya anwani. Kwenye mashine za biti 64 za kawaida ni TiB 128. Hiyo ndiyo kumbukumbu pepe. Programu ikiomba GB 1, kerneli huandika tu kwamba imekubali. RAM yenyewe hutolewa kidogo kidogo, ukurasa kwa ukurasa, KiB 4 kila mmoja, pale programu inapougusa kwa mara ya kwanza.

Mtu yeyote aliyekaa kwenye kamati ya mikopo anaelewa haraka. Chama kinaweza kuidhinisha mikopo mingi kuliko fedha zilizomo kwenye sanduku, kwa kuwa si wote watakaokuja kuchukua siku moja. Siku wakija wote, chama kimekwama. Linux kwa kawaida huidhinisha kupita sanduku, na inafanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu programu nyingi huomba zaidi ya zinavyotumia.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Fungua terminali mbili. Kwenye ya kwanza andika:

python3 -c "import mmap; m = mmap.mmap(-1, 6 * 1024**3); input()"

Kwenye ya pili:

grep Commit /proc/meminfo
free -h

Utaona Committed_AS, jumla ya ahadi zote, imeruka kwa GiB 6, na RAM iliyotumika haijasogea. Ukibonyeza Enter kule kwenye ya kwanza, ahadi inafutwa.

Kwa hiyo usishtuke ukiona safu ya VIRT (kumbukumbu pepe) kwenye amri ya top ina namba kubwa. Nimeona mafundi wakizima huduma nzima kwa sababu VIRT ilisema GB 6 wakati RES ilikuwa MB 300. RES ndiyo RAM iliyoshikwa kweli.

Pima kwanza wiki nzima

Hapa nawaomba sana mniamini: usiguse kitu kabla ya kupima. Mimi niliweka mstari huu kwenye crontab (ratiba ya kazi) ya root, yaani msimamizi mkuu, na kuuacha ukaandika:

*/5 * * * * (date; grep -E 'MemAvailable|SwapFree|Commit' /proc/meminfo) >> /var/log/kumbukumbu.txt

Siku za kawaida Committed_AS ilikaa karibu GiB 4.6. Saa ya ripoti ilipanda mpaka 10.6. Namba hizo mbili ndizo zilizoamua kila kitu kilichofuata. Pamoja nazo tazama vmstat 1 wakati wa kazi nzito: safu za si na so zikikaa juu ya sifuri mfululizo, mashine inahamisha kurasa kati ya RAM na diski, na watumiaji wanausikia mzigo huo.

Swapu

Seva ile ilikodishwa bila swapu, yaani nafasi ya diski ya kuhamishia kurasa za RAM, hata baiti moja. Seva nyingi za kukodi zinakuja hivyo. Bila swapu kerneli haina pa kuweka kurasa zisizoguswa, na pia, kama tutakavyoona, hesabu ya ahadi inabana mno. Kwenye mfumo wa faili wa ext4:

fallocate -l 4G /swapfile
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Kisha kwenye /etc/fstab:

/swapfile none swap sw 0 0

Ile chmod usiiruke. Swapu hubeba kurasa za kumbukumbu za programu zote, zikiwemo zenye nywila.

Kuhusu vm.swappiness, watu hubishana kupita kiasi. Chaguo-msingi ni 60. Tangu kerneli ya 5.8 inaweza kufika hadi 200. Ni mizani tu ya kuambia kerneli ipendelee kuondoa kurasa za faili au kuhamishia za programu kwenye swapu. Kwa seva ya kanzidata naweka 10, siweki 0, kwa sababu nataka swapu itumike kabla ya mtu kuuawa.

Namna tatu za kuahidi

Kiini cha mambo ni vm.overcommit_memory. Ina thamani tatu.

Thamani 0 ndiyo unayoikuta. Kerneli hukataa ombi lililo wazi kwamba haliwezekani, kama mchakato mmoja kuomba zaidi ya RAM na swapu zote zikijumlishwa. Yaliyobaki inayakubali, na haijumlishi maombi ya wote. Vibarua sita wa GB 1 kila mmoja wanapita mmoja mmoja bila kuulizwa.

Thamani 1 inakubali kila ombi. Redis, kanzidata inayokaa kwenye RAM, inapendekeza hii, kwa sababu inapohifadhi data kwenye diski hujigawa kuwa michakato miwili, na kwenye hesabu ya ahadi inaonekana kama imehitaji kumbukumbu mara mbili ingawa kurasa nyingi zinatumiwa kwa pamoja. Kama una Redis kubwa kwenye mashine, itenganishe na kanzidata. Hizi mbili zinataka kerneli mbili zenye tabia tofauti.

Thamani 2 ni chama kinachokataa kuidhinisha kupita kikomo. Kikomo chenyewe, CommitLimit, ni swapu yote kujumlisha asilimia fulani ya RAM. Asilimia hiyo ni vm.overcommit_ratio, na chaguo-msingi ni 50. Ombi likivuka kikomo linakataliwa palepale, programu inapokea kosa, na hakuna anayeuawa. PostgreSQL inalipenda hili, na nyaraka zake zinalipendekeza: hoja moja (ombi moja la data) inaanguka na ujumbe wa kuishiwa kumbukumbu, miunganisho mingine inaendelea na kazi.

Hesabu ya mashine yangu ilikuwa hivi. RAM inayoonekana kwa kerneli ni GiB 7.7. Kwa asilimia 50 bila swapu, kikomo kingekuwa 3.85, chini hata ya siku ya kawaida ya 4.6. Yaani ningeifunga seva kwa mkono wangu. Kwa swapu ya GiB 4 na asilimia 80 inakuwa 6.16 kujumlisha 4, karibu 10.2. Siku ya kawaida inapita kwa nafasi kubwa, na asubuhi ya vibarua sita inakataliwa. Hapo ndipo swapu inapofanya kazi hata isipoandikwa chochote: inakuwa dhamana ya ahadi.

Sasa onyo, na hili limenitokea kwenye mashine ya majaribio. Nilibadilisha kwenda 2 kabla ya kuongeza swapu, wakati ahadi tayari zilikuwa zimepita kikomo. Michakato iliyokuwepo iliendelea, lakini hakuna mpya uliozaliwa. ls ilikataa. sudo ilikataa. Ujumbe ulikuwa mmoja:

bash: fork: Cannot allocate memory

Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa tayari ndani ya bash kama root. Amri ya echo imo ndani ya bash yenyewe, haihitaji kuzaa mchakato, kwa hiyo hii ilipita:

echo 0 > /proc/sys/vm/overcommit_memory

Tangu siku hiyo sibadilishi namba hii bila kuwa na terminali ya pili iliyofunguliwa kama root, ikikaa tu. Fanya vivyo hivyo. Halafu ongeza akiba ya msimamizi. vm.admin_reserve_kbytes kwa kawaida haizidi MB 8, na ukiwa kwenye namna ya 2 kiasi hicho hakitoshi kuingia kwa ssh na kufungua top. MB 128 zinatosha.

Andika yote kwenye faili moja, /etc/sysctl.d/60-kumbukumbu.conf:

vm.swappiness = 10
vm.overcommit_memory = 2
vm.overcommit_ratio = 80
vm.admin_reserve_kbytes = 131072

Unapojaribu kwa mkono, anza na sysctl -w ya asilimia na ya akiba, na overcommit_memory iwe ya mwisho kabisa. Ukiridhika, sysctl --system itasoma faili zote. Zinasomwa kwa mpangilio wa majina, ya mwisho ndiyo inayoshinda. Kama namba yako haikai, tafuta faili nyingine yenye jina linaloanza na namba kubwa zaidi, mara nyingi 99.

Rudia lile jaribio la Python la GiB 6. Safari hii linapaswa kukupa OSError yenye namba 12, yaani ombi la kumbukumbu limekataliwa.

Mbane mkopaji mwenyewe

Namna ya 2 inalinda mashine nzima, ila haichagui nani akataliwe. Siku ya ripoti, ombi litakalogonga kikomo linaweza kuwa la kibarua wa ripoti, au la mhudumu wa dirishani anayefungua salio la mzee wa Chunya. Kwangu hilo halikubaliki. Anayekopa kupita kiasi ndiye awekewe kikomo chake mwenyewe.

Zamani tungefanya hivyo kwa ulimit -v. Bado ipo, na kwa skripti ya mara moja inafaa, ila ina kasoro mbili kubwa. Inapima anwani zilizoahidiwa, si RAM, kwa hiyo programu zinazojitengea nafasi kubwa mapema, kama zile za Java, zinakataa hata kuwaka. Na inahesabu kila mchakato peke yake: vibarua sita kila mmoja anapata kikomo kizima. Ongeza na hili, /etc/security/limits.conf husomwa mtu anapoingia kwenye mfumo, huduma za systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma) hazipiti mlango huo. Nimekuta seva zenye mipaka mizuri kwenye faili hilo na haimgusi yeyote.

Njia ya sasa ni vikundi vya udhibiti vya kerneli, toleo la 2, ambalo lilitangazwa rasmi kwenye kerneli ya 4.5 mwaka 2016. Debian inalitumia kama chaguo-msingi tangu toleo la 11. Hakikisha:

stat -fc %T /sys/fs/cgroup

Jibu liwe cgroup2fs. Kisha, kama skripti yako inaendeshwa na systemd (kama ni crontab, ihamishie kwenye huduma na timer, inafaa usumbufu), andika systemctl edit ripoti.service na uweke:

[Service]
MemoryHigh=2500M
MemoryMax=3G
MemorySwapMax=1G
OOMScoreAdjust=500

MemoryMax ni ukuta. Kikundi kizima, vibarua wote pamoja, hakivuki hapo. Kikilazimisha, kerneli inaua ndani ya kikundi hicho tu, na systemd kwa kawaida inaizima huduma yote na kuandika kwamba imeanguka kwa oom-kill, yaani kuuawa kwa kuishiwa kumbukumbu. MemoryHigh ni mteremko kabla ya ukuta: kikundi kinapunguzwa kasi na kulazimishwa kurudisha kurasa. Usiuweke chini mno, la sivyo kazi inajikokota saa nzima bila kufa wala kumaliza, na hilo ni baya kuliko kufa. OOMScoreAdjust ni tahadhari ya mwisho: mashine nzima ikiishiwa hata hivyo, vibarua wa ripoti wataonekana wazito kuliko mtoto wa PostgreSQL.

PostgreSQL yenyewe sikuiwekea MemoryMax. Umeshaona kinachotokea mtoto wake mmoja akiuawa, na ukuta ungefanya hivyo hivyo. Yeye mpunguzie kwa mipangilio yake, shared_buffers (kumbukumbu ya pamoja) na work_mem (ya kazi za kila hoja). PHP niliiwekea ukuta wa GB 1.

Ukuta ujaribu kabla haujategemewa:

systemd-run --scope -p MemoryMax=200M -p MemorySwapMax=0 tail /dev/zero

tail inasubiri mwisho wa mstari ambao haufiki, inajaza kumbukumbu, na kwa sekunde chache inauawa kwenye MB 200 huku mashine nzima ikiwa haijatikisika. Ukikosea ukaiandika bila systemd-run kwenye seva ya kazi, utaangusha watu. Soma mstari mara mbili kabla ya Enter.

Huduma ikiwa inaendelea, hesabu zake ziko hapa:

cat /sys/fs/cgroup/system.slice/ripoti.service/memory.events

Mstari wa high ukipanda haraka, mteremko unabana. oom_kill ikipanda juu ya sifuri, ukuta umeguswa.

Namba mbili nyingine utakazokutana nazo

vm.max_map_count huhesabu vipande vya ramani ambavyo mchakato mmoja unaweza kuwa navyo. Kerneli huweka 65530, Elasticsearch, programu ya utafutaji, kwa miaka mingi imedai 262144. Ukihitaji, ongeza, haili RAM kwa kuongezwa tu.

vm.min_free_kbytes iache. Ni akiba ya kerneli yenyewe, na ukiiweka juu sana mashine inaanza kuua michakato papo hapo.

Mwezi uliofuata

Ripoti ilianza saa kumi na mbili asubuhi, na saa kumi na mbili na dakika tisa ikagonga ukuta na kufa. systemctl status ilionyesha oom-kill, PostgreSQL haikuguswa. Dirisha lilifunguliwa saa mbili na salio zote zilikuwepo. Tukapunguza vibarua kutoka sita hadi wawili, na skripti ikaanza kusoma miamala kwa mafungu ya 5,000 badala ya kuimeza yote. Sasa inachukua dakika 25 badala ya 11, na haijawahi kupita GB 1.8.

Ukiongeza RAM siku za baadaye, kumbuka kwamba overcommit_ratio ni asilimia na itakua pamoja na mashine, wakati MemoryMax=3G itabaki 3G mpaka uibadilishe. systemd inakubali pia MemoryMax=40%, ila kwa kazi ninayoijua uzito wake naandika namba kamili, na kwenye mstari wa juu yake naweka tarehe na sababu, ili fundi atakayekuja baada yangu asiifute akidhani imesahaulika.